Darasa la Maji Mafu

Simu ya wifi yangu huingia baharini kila siku ya bamvua. Anaitia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga fundo mara mbili, kisha anauning'iniza shingoni kwa kipande cha tai-tai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu za mwani. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nilimfuata shambani kwake, pwani ya Tumbe, kaskazini ya Pemba. Maji yalikuwa yamekupwa, mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, yamesimama safu kwa safu mpaka mbali, na wanawake wameinama kila mmoja na kamba zake. Saa nne kasoro dakika chache simu ikaanza kutetema kifuani mwake. Lilikuwa darasa. Mwalimu wake wa utunzaji wa hesabu, aliyeko mji ambao wifi yangu hajapata kufika, amefungua kipindi mtandaoni na anaita majina.

Wifi yangu aliziangalia mbegu zilizobaki kwenye tenga, akayaangalia maji, akaniambia, "Wifi, naitwa huko na naitwa huku." Akaendelea kufunga. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji ya chumvi. Hata angeligusa kioo cha simu, kisingemsikia. Simu ikatetema mara tatu, ikanyamaza.

Adhuhuri, maji yalipoanza kujaa, tulirudi nyumbani. Alifungua ukurasa wa kozi, akakuta mbele ya jina lake pameandikwa kwamba hakuhudhuria. Kipindi hakikurekodiwa. Aliyekosa amekosa.

Kwa wasioishi pwani, nieleze kidogo. Bamvua ni zile siku maji yanapojaa sana na kukupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata. Kwetu tofauti ya maji kujaa na kukupwa siku hizo hukaribia mita 4, na kupwa kwake huangukia asubuhi kuelekea adhuhuri, kila siku ikichelewa kwa dakika 50 hivi. Hizo ndizo siku za kazi ya mwani. Katikati yake kuna maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, na shamba huwa limefunikwa. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili. Darasa la wifi yangu lilikuwa kila Jumamosi saa nne. Piga hesabu mwenyewe: alilipa ada ya kozi nzima, akapangiwa karibu nusu yake.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, kwa sababu neno lenyewe, elimu ya masafa, linatufanya tufikirie maili. Tunasema Pemba iko mbali, kwa hiyo tuletewe mkonga wa mawasiliano, tuletewe mnara, tuletewe bando, na elimu itafika. Mnara Tumbe upo. Wifi yangu alikuwa na mtandao mle majini, na ulikuwa mzuri. Kilichomkosesha darasa ni saa. Kuna mtu mahali fulani alipanga saa ya kusoma bila ya kujua, au bila ya kuuliza, mwanafunzi wake anaishi kwa saa ipi.

Nasema haya nikiwa nimeyapitia. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na shahada yangu niliipata kwa masafa, kuanzia 2007 hadi 2014. Miaka saba, watoto watatu katikati yake. Nilipoanza, huku kwetu umeme ulikuwa wa majenereta ya Wesha, ukija leo kesho hauji, mpaka ulipovutwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Miaka ya mwanzo nilisoma kwa chemli. Vitabu vilikuja kwa meli ndani ya bahasha za kaki, na nikishavipata nilikuwa huru navyo: nilisoma baada ya Isha, nilisoma nikisubiri wali uive, nilisoma wakati mtoto ananyonya. Karatasi haikuniuliza niko wapi saa nne.

Lakini yalinikuta yangu. Mwaka wa nne matokeo ya somo moja yalipotea. Mtihani niliufanya, sahihi yangu ya mahudhurio ipo, lakini alama hazikuonekana. Chuo sitakitaja, kwa kuwa sitaki aliyesoma hapo vizuri adhani namkashifu. Nilipanda meli hadi Unguja, nikavuka hadi Dar es Salaam, nikafika ofisini saa sita mchana na mtoto mgongoni, na ofisa akaniambia kwa upole kabisa nirudi nyumbani nikaandike barua pepe. Alama zilirudi baada ya miezi kumi na minne. Katika muda huo nilifundisha, nilizaa, nilichambua karafuu misimu miwili, na sikupandishwa daraja kama wenzangu. Machozi niliyolia melini siku ile sijayasahau, wala sitaki kuyasahau, maana ndiyo yananifanya nikae na hawa wanaosoma sasa.

Na hata hivyo, bila ya masafa nisingelikuwa na shahada. Nani angelinilelea watoto miaka mitatu nikakae bwenini chuoni Tunguu, Unguja? Wazo la Chuo Kikuu Huria, lililoanzia Uingereza kwa hati ya mwaka 1969 na huku kwetu likapata sheria yake mwaka 1992 na wanafunzi wa mwanzo mwaka 1994, kwa mwanamke wa Pemba halikuwa njia ya pili baada ya kukosa ya kwanza. Lilikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo Zanzibar, mtoto wa mkulima akakaa dawati moja na mtoto wa tajiri. Kwa mtu mzima mwenye nyumba na shamba, siku kama hiyo ilikuja miaka 30 baadaye, na ilikuja ndani ya bahasha.

Sasa kuhusu kazi, maana hapo ndipo kila kitu kimegeuka.

Wakati wangu, cheti kilikuwa na safari moja. Unasoma, unaajiriwa serikalini, unapanda daraja, unastaafu. Leo nafasi za serikali hazitoshi hata robo ya wanaomaliza darasani kwangu na kwa wenzangu; hilo kila mzazi wa Pemba analiona kwa macho. Pemba ina watu 543,441 kwa sensa ya 2022, na ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, lakini mikarafuu haiajiri mwaka mzima na kijana hangoji msimu. Anapanda meli. Anakwenda Nungwi, Kiwengwa, Paje, kwenye mahoteli ya Unguja. Na huko anakuta kwamba aliyosoma miaka kumi na miwili hayaulizwi. Anaulizwa Kiingereza cha kuzungumza, kompyuta, stoo, hesabu za kila siku, na cheti kinachosema anayaweza hayo.

Binti wa wifi yangu, mtoto wa kaka yangu, ni mmoja wao. Ana kidato cha nne. Anatandika vitanda hotelini Nungwi mwaka wa tatu sasa. Anataka kuhamia stoo, na meneja wake amemwambia wazi: lete cheti cha hesabu. Basi akajiandikisha kozi ya miezi mitatu kwa simu. Alipomsimulia mama yake, mama naye akasema anataka. Ndivyo mama na binti walivyoingia darasa moja, mmoja Nungwi na mmoja Tumbe, bahari katikati.

Kwa nini mama wa miaka arubaini na sita, mwenye shamba la mwani, asome hesabu? Nilimuuliza. Akasema kikundi chao kinauza mwani mkavu na kinatengeneza sabuni, na kila wakienda kuomba mkopo wanaulizwa vitabu vya hesabu. Hawana. Aliyekuwa akiwaandikia ni kijana mmoja, naye kaenda Unguja. Akaongeza: "Mimi nimechoka kupimiwa mwani na mtu, na kuandikiwa na mtu, na kusomewa na mtu."

Hii ndiyo sehemu ambayo naona mageuzi ya elimu yetu yanaipita mbio. Tunapozungumzia soko la ajira linalobadilika, picha iliyo kichwani ni kijana na kompyuta. Lakini kazi ya mwani ilianza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani. Maana yake ni kwamba wanawake hawa, ambao ndio wengi mno katika kazi hii, waliingia soko jipya la ajira kabla ya simu ya mkononi kufika kisiwani. Wamekwisha kuona bei ikipanda na kushuka bila ya wao kuulizwa. Wamekwisha kuona cottonii, ule mwani wa bei nzuri, ukigeuka mweupe na kukatika maji yanapopata joto, wakarudi kwenye spinosum wa bei ndogo. Wao ni wafanyakazi waliobadilikiwa na soko zaidi ya mtu yeyote ninayemjua, na hakuna aliyewaletea darasa. Wizara yetu inaitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali, yaani ya ufundi, na nalipenda sana jina hilo. Vituo vya amali vipo, cha Vitongoji kipo, cha Daya kipo, vinafanya kazi njema. Ila kituo ni jengo, na jengo lina saa zake.

Baada ya ile Jumamosi niliamua kufanya nilichoweza. Binti hufanya kazi zamu ya jioni, kwa hiyo Jumamosi saa nne yuko huru. Nikamwomba aweke simu ya pili karibu, arekodi sauti tu. Nilijifunza hapo jambo ambalo ningependa kila mpanga kozi alijue: saa moja ya sauti, ikihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo, haifiki MB 30. Video ya saa hiyohiyo hupita MB 300 bila ya shida. Wifi yangu hununua bando la wiki kwa fedha za mwani. Kwa video, kipindi kimoja kinamaliza bando. Kwa sauti, anaweza kumsikiliza mwalimu mpaka amchoke.

Kisha nikachukua kalenda ya mwezi, ile ya Kiislamu inayotundikwa misikitini na majumbani, ambayo mtu wa pwani akiiangalia haoni tarehe tu, anaona na maji. Mwezi mosi hadi wa nne, yaani siku ya kwanza hadi ya nne tangu mwezi kuandama, bamvua. Mwezi saba, nane, tisa, maji mafu. Mwezi kumi na tano na kuendelea, bamvua tena. Mwezi ishirini na mbili, tatu, nne, maji mafu. Nikasema darasa litakuwa barazani kwangu, Konde, siku za maji mafu, baada ya Alasiri. Wifi yangu akaja na wenzake wa kikundi wanane. Hawakujiandikisha kozi. Walikuja kusikiliza.

Siku ya pili ilikuwa somo la uchakavu wa mali. Mwalimu alikuwa akisoma kwa Kiingereza na kuchanganya Kiswahili kidogo, na mfano wake ulikuwa gari. Gari la kampuni, linanunuliwa, linazeeka, kila mwaka thamani yake inapungua, na upungufu huo lazima uandikwe kama gharama. Nilisimamisha sauti. Nikaona nyuso zimeganda. Hakuna mwenye gari pale. Nikaingia ndani nikatoka na kipande cha kamba kuukuu kilichokuwa kikifungia mbuzi, nikakiweka juu ya mkeka. Nikawauliza: kamba mpya ya shambani hudumu mavuno mangapi kabla ya kuoza? Pakazuka ubishi, huyu anasema mengi, yule anasema inategemea kamba ya wapi, mwingine anasema na jua. Tukakubaliana idadi. Nikawaambia wagawe bei ya kamba kwa mavuno hayo. Wakagawa, mmoja kwa simu, wengine kwa kalamu, mmoja kwa kokoto. Kisha nikawaambia: kila mkivuna, hicho mlichokipata kwa kugawa kimekwenda. Kiandikeni.

Kukawa kimya. Kisha mkubwa wao, mama ambaye hakumaliza darasa la nne, akasema polepole: "Kwa hiyo miaka yote hii, kila tulipouza mwani, tuliuza na kamba."

Nimefundisha miaka ishirini na moja. Sijapata kuona mtu akilishika somo namna ile. Tulikaa mpaka Magharibi tukirudia hesabu za mavuno ya mwaka jana, tukitoa kamba, tukitoa mambo, tukitoa tai-tai, na faida ikapungua mbele ya macho yao. Wale wanaopewa kamba na mnunuzi wakagundua vilevile kwamba kamba hiyo wanailipa, kwa kuwa aliyewapa ndiye anayewapangia bei na hawawezi kumuuzia mwingine. Hayo hayakuwemo kwenye kozi. Yalitoka barazani.

Lugha nayo tusiifiche. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928. Lugha ya kisiwa jirani ikapewa kazi ya kubeba elimu ya Afrika Mashariki nzima. Leo mwanamke wa Tumbe anayesoma uchakavu wa mali anausoma kwa Kiingereza, na neno uchakavu ameliona kwangu kwa mara ya kwanza, ilhali kamba chakavu anazo nyumbani. Siwalaumu wanaotaka watoto wajue Kiingereza. Binti wa Nungwi anakihitaji kila siku na nikimpigia simu humhimiza. Ila kujifunza Kiingereza ni somo moja na kujifunza hesabu ni jingine, na ukimfungia mtu yote mawili katika mzigo mmoja, wengi watautua njiani. Tangu sera yetu ya elimu ya 2006 kuleta Kiingereza katika hesabu na sayansi kuanzia darasa la tano, mimi nimewaona watoto wakiimeza kanuni ya hesabu kama dua wasiyoijua maana. Mtu mzima hamezi. Mtu mzima huacha.

Na sisi tunajua namna ya kufanya vizuri zaidi, hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 1973, Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, ikafikia watu wazima karibu milioni 2. Redio ilisema, lakini watu walikaa vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa, wakizungumza waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapa Unguja na Pemba, miaka ya 2000, vilikuja vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi. Redio ilikuwa moja, na pembeni yake kulikuwa na mlezi wa kijijini aliyeimba na kuruka na watoto. Mara zote mbili, mtu wa karibu alikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, hakuongezwa baadaye. Kwenye kozi za simu za leo ameondolewa, kwa sababu anagharimu. Skuli zilipofungwa kwa ugonjwa wa korona mwaka 2020 na masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni, wanafunzi wangu walioendelea kusoma walikuwa wale wenye mtu nyumbani wa kuwauliza: umesikia nini leo?

Kwa hiyo nikiulizwa mwalimu wa Konde anataka nini, nitaomba mambo yasiyo makubwa. Kila kipindi kirekodiwe kwa sauti, na mahudhurio yahesabiwe kwa siku kumi, yasihesabiwe kwa saa moja. Mtihani uwe na tarehe mbili, zikipishana wiki moja. Tarehe mbili za namna hiyo haziwezi zote kuangukia bamvua. Mwalimu anayekaa na wanafunzi barazani alipwe posho ya kazi hiyo, kwa sababu ni kazi, hata kama mimi naifanya bure na nitaendelea kuifanya bure. Na waajiri, hasa mahoteli, wakae na wanaopanga kozi waseme wazi cheti kipi watakipokea, kabla ya binti kulipa ada, wasimngoje amalize ndipo wamwambie si hiki.

Chuo kinachotoa kozi nimekiandikia kuhusu darasa la Jumamosi. Nimejibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Mtihani wa mwisho umepangwa Jumamosi, saa nne, kituoni Chake Chake. Binti atafanyia Unguja. Juzi wifi yangu alikuja kwangu na ile kalenda ameikunja mkononi, akaifungua juu ya mkeka na kuweka kidole. Mwezi kumi na sita. Bamvua lenyewe. Kutoka kwetu mpaka Chake ni zaidi ya saa nzima ya gari, kwa hiyo siku yote ya shamba imekwenda, na mwani uliokomaa ukiachwa bamvua zima hukatika na mawimbi.

Amekwisha kupatana na jirani yake wa shamba. Jirani atamvunia, na mwani watagawana nusu kwa nusu. Nusu hiyo ameshaiandika kwenye daftari lake, upande wa gharama, chini ya kamba na tai-tai, kwa kalamu nyekundu: *mtihani*.